Kompyuta ya Mninga

Novemba 29

Leo nimekula ugali baridi, peke yangu, nimesimama. Naandika ili ijulikane.

Mimi ni Ignas, fundi wa maboti hapa Katonga. Nusu ya maboti ya mwalo huu nimeyajenga mimi, na ile nusu nyingine inavuja. Kusoma nilisomea elimu ya watu wazima, nikashika namba moja. Tuliomaliza tulikuwa wawili.

Nimerudi magharibi nakuta mlango umerudishiwa, jiko limepoa, Yunisi hayupo. Gasper, jirani yangu mwenye boti la dagaa, akanichungulia juu ya ua. "Fundi, umekula?" Nikamwambia hayamhusu. Akacheka, akasema mke wangu yuko kwa Shadia.

Shadia ni binti wa zile familia zilizovuka ziwa kutoka Kongo. Amefungua chumba cha michezo ya kompyuta juu ya mwalo, vijana wanalipa kidogo wanacheza. Nikaenda. Chumba kimejaa, na katikati ya vijana, kwenye kiti cha mbele, Yunisi wangu, mwanamke wa miaka sitini na ushee, anayekausha samaki aina ya migebuka kwa moshi na kuwauza hadi Simbo, ameshika usukani wa plastiki, ana vidude masikioni, anaendesha lori. Lori la kwenye kioo. Barabara imejaa theluji.

Nikaita, "Mama Elida!"

Hakugeuka. "Ngoja, Baba Elida, niko mlimani."

Kijana mmoja akasema, "Mzee, abiria haongei na dereva." Wakacheka wote. Mimi nichekwe Katonga?

Nikasema mbele yao, na wote walisikia: Pasaka ikifika, mke wangu ataendesha hilo lori nyumbani kwangu, kwenye kompyuta niliyoijenga mimi, kwa mikono hii. Nyumbani, karibu na jiko.

Shadia akanijibu kwa heshima, "Babu, kompyuta haijengwi kama boti."

Nikamwambia, "Binti, kila kitu kinajengwa kama boti. Kisichojengwa hivyo kinazama."

Novemba 30

Mvua. Yunisi kaenda tena. Ugali baridi.

Desemba 4

Nimekwenda kwa Shadia mchana, wakati hakuna watu. Sikwenda kujifunza. Nilikwenda kuona kama anajua.

Alifungua kompyuta moja ubavuni. Ndani kuna bodi kubwa, wao wanaiita mazabodi, ndiyo mkuku wa boti, kila kitu kinakaa juu yake. Kuna prosesa, hiyo ndiyo akili. Kuna ramu, kijiti chembamba kinachoshika mambo akili inapofanya kazi. Kuna kadi ya picha, ndiyo inayochora barabara na theluji. Kuna kisanduku cha umeme kinachowalisha wote.

"Sasa Babu," akasema, "shida siyo kununua. Shida ni vikubaliane. Prosesa ina bodi zake, ya aina nyingine haikai. Ramu ina bodi zake. Kadi ikiwa kubwa, umeme hautoshi. Kwa pesa yako mimi nakushauri tafuta kompyuta moja ya mtumba, ya ofisini, ambayo akili na bodi vimeshaoana. Halafu tunaongeza kadi ndogo na ramu."

"Ndogo kwa nini?"

"Kwa sababu ndogo itakubaliana na wenzake."

Nikamwambia katika maisha yangu hakuna mbao iliyonikatalia. Ikiwa pana nairanda, ikiwa nene naichonga kwa tezo, ikiwa ngumu naichemsha mpaka ikunje goti. Mwisho inakaa.

Akasema, "Na iache ipumue, Babu. Joto ndilo linaloziua."

Kompyuta haina mapafu. Lakini sikumjibu, ni mtoto.

Desemba 11

Nimemaliza boti la Gasper, nikapanda mjini Kigoma na malipo yake. Nimenunua kompyuta ya mtumba, ya ofisini, nyembamba kama kitabu cha misa, pamoja na kioo na vibonyezo vyake. Shadia alinisindikiza, hiyo aliichagua yeye. Kadi ya picha nikachagua mimi. Kubwa kuliko zote dukani, ina feni mbili.

Shadia alisema, "Babu, hapana." Mara tatu alisema.

Nikamwambia, "Boti la Ignas haliwekewi injini ya kitoto."

Desemba 12

Kadi haiingii. Ni ndefu kuliko kompyuta yenyewe. Hata ingeingia, kisanduku cha umeme hakina waya wa kuilisha. Shadia hakusema "nilikuambia". Alikunywa chai tu, taratibu, akaangalia ziwa. Ni adhabu mbaya kuliko matusi.

Gasper kapita. "Fundi, umekula?"

Desemba 19

Mwenye duka kakubali kubadilisha. Nimepewa kadi ndogo yenye feni moja, hii inakula umeme kutoka kwenye bodi yenyewe, haihitaji waya. Katika chenji nikachukua na ramu, nikachagua mwenyewe tena. Shadia alikuwa na wateja, hakuja.

Desemba 25

Krismasi. Kanisani, kisha wali na kuku. Elida, binti yetu, muuguzi kule Mtwara, upande wa pili kabisa wa nchi, alipiga simu. Hamjambo, hatujambo, mvua huko, iko, basi Baba, haya mwanangu. Tukakata. Miaka minne hatujamwona. Mtwara ni mbali, na likizo yake ni fupi.

Jioni Yunisi kaaga. Hata Krismasi! Nikamuuliza hilo lori linabeba nini cha maana hivyo. Akasema, "Leo maziwa." Akaenda.

Januari 10

Ramu imekataa. Kile kijiti kina pengo chini, na mfereji wa bodi una kigingi, pengo linatakiwa kukaa juu ya kigingi. La kwangu limepishana kidogo, unene wa punje ya mchele. Punje ya mchele! Mimi nimekwisha kurudisha ubavu wa boti uliopinda kiasi cha mkono mzima.

Nikatoa tupa yangu ndogo, nikakibana kile kijiti kwenye jiliwa, nikaanza kulisogeza lile pengo. Shadia akaingia.

"Babu! Weka chini hiyo tupa!"

"Ni kidogo tu."

"Babu, weka chini, nakuomba kama mjukuu wako!"

Alinipokonya. Mtu hajawahi kunipokonya tupa tangu nimezaliwa. Akaniambia kijiti hiki ni cha kizazi cha nyuma, umeme wake ni mwingine, lile pengo limewekwa makusudi ili mtu asilazimishe. "Ungelisogeza likaingia, ungeunguza bodi nzima. Hili siyo kosa la kupima, Babu. Wamekataza hapa. Maana yake hawa wawili hawaoani."

Nikamwambia mbao haijawahi kunikatalia.

"Hii siyo mbao," akasema. Kisha akaona uso wangu, akacheka kidogo. "Ila umeikwaruza vizuri. Mkono haukutetemeka."

Hilo ni kweli. Akaenda mjini mwenyewe, akarudi na inayokubali. Ikaingia ikalia tak, kama kiungo cha mbao kinapopata mahali pake. Ile sauti naijua. Sikutegemea kuisikia humo.

Januari 17

Leo nitaandika mengi, mkono uumie tu.

Mvua ilinikuta juu ya mwalo, mvua ya upande, ikabidi nijifiche kwenye mlango wa Shadia. Sikuingia, nina fahari yangu. Ndani watu wachache, Yunisi kwenye usukani. Vile vidude vya masikioni vilikuwa vimeharibika, kwa hiyo sauti ilikuwa inatoka nje, chumba kizima kinasikia. Mbele ya lori lake kulikuwa na lori jingine, la buluu, linaongoza njia.

Lori la buluu likasema, "Mama, punguza, mbele kuna kona."

Ilikuwa sauti ya Elida.

Nilidhani nimesikia vibaya. Likaendelea, kumbe linaendeshwa na yeye mwenyewe kwa mtandao, kutoka Mtwara. Likasema wamemhamishia wodi ya wazazi. Likasema wiki hii kuna mama alijifungua mapacha, mmoja alikuwa kimya, yeye Elida akampiga mgongoni mpaka akalia, na yeye mwenyewe akatoka nje akalia pia. Likasema mwenye nyumba ana jogoo anayewika saa saba usiku, na yeye anaomba kila siku jogoo huyo aliwe. Yunisi alikuwa anacheka, anakata kona, anauliza huyo mama wa mapacha katokea wapi, na chakula unakula, na yule kijana mwalimu bado anakuja? Elida akasema, "Mama, angalia barabara!" Yote hayo kwenye simu hatujawahi kuyasikia. Kwenye simu ni salama, salama, basi.

Kisha Elida akauliza, "Baba bado anajisifu?"

"Anajisifu. Sasa anajenga kompyuta."

Lori la buluu lilicheka mpaka likatoka barabarani, likaangukia mtaroni, matairi juu.

Nilirudi nyumbani na mvua ileile. Yunisi alipokuja nikamuuliza, "Mbona hukuniambia kama ni Elida?"

"Hukuuliza. Uliuliza ugali."

Kisha nikamuuliza kwa nini wasiongee kwenye simu kama watu.

Akakung'uta kanga yake. "Simu unampigia mtu kumuuliza hali. Akishakujibu imekwisha. Lakini njiani, Baba Elida, mko wawili, safari ndefu, macho yako mbele, hakuna anayemtazama mwenzake. Mtu anasema. Wewe na wenzako mkigonga misumari si mnaongea kutwa nzima? Mngewekwa kwenye viti mtazamane, mngesema nini?"

Nimewaza. Ni kweli, tungeulizana hali.

Februari 2

Dhoruba. Ziwa limepanda hadi kwenye majiko ya dagaa. Bati mbili za chumba cha Shadia zimeng'oka, maji yameingia, kompyuta moja imekufa. Ndiyo ile yenye usukani. Nimekwenda kupigilia bati zake, sikumdai kitu. Alikuwa anafuta bodi kwa kitambaa, anaisemesha kama mgonjwa.

Februari 3

Yunisi yuko nyumbani. Ugali wa moto.

Februari 4

Ugali wa moto.

Februari 9

Ugali wa moto, na mgebuka, na mchicha. Yunisi anakaa mlangoni anaangalia mvua na mikono yake iko mapajani hivi, kana kwamba imeshika kitu. Elida kapiga. Salama, salama.

Gasper kachungulia. "Fundi, siku hizi unakula!"

Ninakula. Sifurahi. Sijui nimwambie nani jambo la kijinga kama hilo, ndiyo nakiandikia kidaftari.

Februari 18

Jumatano ya Majivu. Nimefunga kula, sikufunga kazi.

Ile kadi ndogo imekaa, lakini ni ndefu kwa juu, kifuniko cha kompyuta hakifungi, imebaki wazi kama domo la kambare. Shadia kasema tutafute kasha jingine mjini. Nikasema kasha? Mbele yangu mimi? Nina mbao za mninga zilizobaki kwenye boti la Gasper, zimekauka miaka miwili. Nitaijengea nyumba. Na kwa dhoruba tuliyoiona, na paa langu linavyovuja pale mezani (Yunisi hunicheka kwa hilo, fundi wa kuziba maboti anakinga maji kwa sufuria), nitaijengea nyumba isiyoingia tone.

Machi 9

Imekwisha. Njooni muone. Viungo vya mkia wa njiwa pembe zote nne, hakuna msumari. Kila mshono nimeukalafati, yaani nimeuziba kwa pamba iliyolowekwa mawese, nikapigilia kwa tindo. Matundu ya nyaya nimeyaziba nayo. Kabla ya kuweka vitu ndani nimeishusha ziwani mbele ya watu wote wa mwalo, nikaweka jiwe juu yake, tukahesabu hadi mia mbili. Ilipotolewa ndani ni kavu kama chaki. Vijana walipiga makofi. Shadia hakupiga, alikuwa ametazama tu, akafungua mdomo, akaufunga.

Machi 14

Imewaka! Yunisi kakaa. Shadia kauweka mchezo, mtandao unatoka kwenye simu. Lori likatoka yadi, likashika barabara. Ile kufika darajani, kimya. Kioo cheusi.

Tumewasha tena. Imefika mbele kidogo ya daraja. Cheusi.

Machi 15

Darajani.

Machi 16

Darajani. Nyumba inanuka mawese. Gasper kachungulia, "Fundi, leo mnakaanga nini?"

Machi 19

Nimekosea leo. Siyo kwenye kazi, kwenye kazi sikosei.

Nilikwenda kwa Shadia nikamwambia mbele ya wateja kwamba vifaa alivyonichagulia ni vibovu, kwamba amewasaidia wenye duka kumwibia mzee. Hakunipandishia sauti. Alisema, "Babu, nilikwambia neno moja siku ya kwanza. Litafute." Akaendelea kupachika waya wake.

Machi 20

Mvua. Nimelitafuta hilo neno, sikulipata. Aliyasema mengi.

Machi 24

Yunisi alikuwa anageuza samaki wake kwenye jiko la moshi, mimi niko ndani nawasha kile chombo, nahesabu mpaka kinapozimika. Akaja na mikono yake ya mafuta, akaweka kiganja juu ya mninga. Akakiondoa haraka.

"Baba Elida, njoo nje."

Nikatoka. Akanionyesha jiko lake. Ni la udongo, amelijenga yeye, na mimi nimepita mbele yake kila siku ya ndoa yetu. Chini kuna mdomo, juu nyuma kuna tundu.

"Hapa hewa inaingia. Pale inatoka. Siku ile mbuzi wa Gasper alipolalia tundu la juu, samaki wangu walikuwaje?"

"Waliungua."

"Haya. Sasa pale ndani umemlalia nani?"

Neno la Shadia likanirudia lote. Iache ipumue.

Nilikaa na drili mkononi mpaka mchana. Msomaji asiyekuwa fundi wa maboti hawezi kuelewa. Maisha yangu yote nimeziba matundu. Nimewaambia vijana wangu, tundu moja dogo ni msiba wa watu kumi na wawili. Leo nitoboe mbao niliyoikalafati mwenyewe, kavu kama chaki, iliyopigiwa makofi? Yunisi alikuja akasimama nyuma yangu. Aliuweka mkono wake begani kwangu, ule unaonuka moshi.

Nikatoboa. Safu tatu chini mbele, safu tatu juu nyuma. Nikang'oa pamba yote, nikaitupa. Feni ilipozunguka, upepo ukatoka kwenye matundu ya juu ukanipuliza usoni, wa moto, kama mtu aliyekuwa amezuia pumzi tangu tarehe tisa.

Tukapita daraja. Tukapita mji. Tukapita mlima wenye theluji. Yunisi akaanza kuimba.

Machi 25

Kuhe mkubwa, mwenye mayai, nimempelekea Shadia kabla hajafungua. Nikasema, "Mama Elida kasema nikuletee."

Akamwangalia samaki. "Mama Elida mwenyewe alipita hapa jana usiku, Babu. Hakusema habari ya samaki."

"Basi amesahau."

"Sawa," akasema, "mwambie asante. Mwambie amesamehewa." Na meno yote nje. Binti huyu ana adabu na hana adabu.

Machi 29

Matawi. Mvua imeanza kuchoka. Nimeziba paa juu ya meza, maana sasa lile kasha lina matundu. Yunisi anasema angejua angenitobolea kitu miaka thelathini iliyopita, nyumba ingekuwa na paa.

Aprili 5

Pasaka. Kristo amefufuka, na mimi nimetimiza neno langu, mashahidi ni Katonga yote.

Baada ya misa Shadia amekuja na mfuko. Ndani yake ule usukani wa plastiki, ameufungua kwenye ile kompyuta iliyokufa, mpini wake ameufunga kwa utepe wa gundi. "Zawadi ya Pasaka, Bibi. Mimi nitapata mwingine." Yunisi alimkumbatia mpaka kilemba kikapinda.

Vijana wamejaa sebuleni, wengine dirishani. Wanapitisha mikono juu ya mninga, wanauliza nani kajenga. Nikawa najibu kila mmoja, kwa urefu. Shadia kasema mbele yao, "Vifaa nilichagua mimi, matundu kachagua Bibi, mbao ni za Babu." Nikasema, "Na mbao ndizo zinazoonekana." Wakacheka, na mara hii nilicheka mimi wa kwanza.

Jioni wakaondoka. Yunisi kawasha. Lori la buluu lilikuwa linamngoja kwenye yadi, taa zinawaka.

"Mama, mbona leo kimya hivyo huko? Na nani anapumua karibu na maiki?"

"Ni utingo wangu," akasema Yunisi.

Nikasogea. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza viungo vya mkia wa njiwa. Nikajikuta nasema, "Mwanangu, yule pacha uliyempiga mgongoni anaendeleaje?"

Lori la buluu likaenda tu. Kisha Elida akaanza kunisimulia. Ilituchukua mpaka mji mwingine.

Aprili 6

Nilidhani akiwa nyumbani, karibu na jiko, ugali utakuwa wa moto. Sikufikiri vizuri. Dereva hawezi kuacha lori mlimani.

Nimesonga mwenyewe. Nimesonga ugali mgumu, mzuri, bora kuliko wake. Gasper kauona moshi na mimi nimeinama jikoni, kafungua mdomo aulize lile swali lake. Nikamuwahi: "Napika. Wewe umekula?" Akasema bado. Nikampa bakuli la ugali, na lile swali likazimika hapohapo.

Aprili 7

Leo nimeendesha mimi. Niligonga uzio, kibanda cha ushuru na lori la mwanangu, kwa mfululizo huo. Elida alicheka mpaka akasema tusimame, tule kwanza. Tukaegesha malori mawili kando ya barabara, kwenye theluji. Yeye kule Mtwara akafungua sahani yake, tukasikia kijiko. Sisi tukasogeza sufuria. Ugali ulikuwa umepoa.

Tumekula watatu.